Dau Juu ya Ubao wa Nardi

Mchezo ambao Waajemi waliuita nardi, Waarabu wakauita tawla na Waingereza backgammon, ni mmoja wa michezo mikongwe ambayo watu wameichezea fedha. Ubao wake una vituo 24. Kila mchezaji ana kete 15, na madado mawili huamua kete ziende hatua ngapi. Atangulizaye kuzitoa kete zake zote ndiye mshindi. Sheria hizi chache zaweza kufundishwa kabla kahawa haijapoa, lakini swali lililozaliwa nazo halijapata jibu moja kwa zaidi ya miaka elfu: ashindaye fedha katika nardi ameshinda kwa akili au kwa bahati? Swali hili si la barazani tu. Watunga sheria, mafakihi na mahakimu wamelitolea hukumu, na hukumu yao ndiyo iliyotenga mchezaji na mhalifu.

Aliyelihifadhi swali hilo kwa ufupi ni al-Masudi, mwanahistoria mzaliwa wa Baghdad, ambaye wasomaji wa historia ya Afrika ya Mashariki wanamjua kwa safari zake za Kanbalu, mahali ambapo wataalamu wengi hupadhania kuwa Pemba. Katika kitabu chake Muruj adh-Dhahab alisimulia kauli ya mwanafalsafa mmoja kwamba aliyebuni sataranji aliamini mwanadamu ana hiari ya matendo yake, lakini aliyebuni nardi alitaka kuonyesha kwamba jitihada haiondoi kudra. Mafakihi wa madhehebu ya Shafii, yenye wafuasi wengi katika pwani hiyo, walipita njia iliyo karibu na hiyo. Wengi wao waliiharamisha nardi hata isiyo na dau, kwa kutegemea Hadithi, na sataranji isiyo na dau wakaiona kuwa makruhu tu. Tofauti waliyoitaja ni dado: sataranji hutegemea fikira, nardi hutegemea kinachoanguka. Dau likiwekwa, yote mawili ni kamari, wala hapakuwa na mjadala.

Lugha za mchezo huo nazo zinasimulia safari zake. Katika migahawa ya kahawa ya Kairo na Istanbul, wachezaji waliendelea kuyahesabu madado kwa namba za Kiajemi, ingawa bei ya kahawa waliitaja kwa lugha zao. Katika Kiswahili neno kamari lilitoka kwa Waarabu, na dado likatoka kwa Wareno. Kana kwamba dhambi na chombo chake vilifika kwa majahazi mbalimbali.

Warumi walikuwa na mchezo wa jamii hiyo hiyo. Sheria yao ilikataza kuchezea fedha kwa madado isipokuwa katika sikukuu ya Saturnalia, mwezi wa Desemba, na papo hapo Kaizari Claudius aliandika kitabu juu ya madado na kufungiwa ubao katika gari lake asikatizwe mchezo njiani. Justinian, katika mwaka 529, aliweka mpaka wa dau na kumruhusu aliyeliwa fedha zake azidai. Mwaka 1190, Richard wa Uingereza na Philip wa Ufaransa, wakiwa njiani kwenda vita vya msalaba, waliwakataza askari wa kawaida kabisa kuchezea fedha. Waungwana wa farasi na makasisi wasipoteze zaidi ya shilingi 20 kwa mchana na usiku. Wafalme wenyewe hawakuwekewa mpaka. Hapa yafaa msomaji asimame kidogo. Kama kosa lilikuwa katika dado, lingekuwa kosa kwa wote. Sheria hiyo haikuhukumu mchezo, ilihukumu mifuko.

Mabadiliko makubwa kuliko yote yalitokea New York katika miaka ya 1920, na jina la aliyeyaleta halikuhifadhiwa. Yeye aliongeza dado la tatu ambalo halitupwi. Nyuso zake zimeandikwa 2, 4, 8, 16, 32 na 64. Mchezaji anayejiona anaelekea kushinda aweza, kabla ya kutupa madado yake, kumtaka mwenzake dau liwe maradufu. Mwenzake ama akatae na kulipa dau lilivyo, ama akubali, na tangu hapo yeye peke yake ndiye mwenye haki ya kulipandisha tena. Likipandishwa mara 6, shilingi 10 zimekuwa 640.

Hesabu yake ni nyepesi, lakini imewafilisi wengi. Mtu akikataa katika michezo 4 ya shilingi 10, hupoteza 40. Akikubali yote, akashindwa 3 na kushinda 1, hupoteza 60 na kupata 20. Hasara ni ile ile 40. Basi, tukiacha kando ushindi unaolipwa mara mbili au tatu, mwenye nafasi iliyo bora kuliko moja katika nne yampasa akubali, ingawa anajua kuwa yamkini atashindwa. Mwoga hukataa mapema, na mwenye kiburi hukubali kila mara. Wote wawili humlisha mtulivu. Dado zile mbili za kale hazimjui mchezaji. Hili la tatu humsoma tabia, na kwa hilo kauli ya mwanafalsafa wa al-Masudi inapungua nguvu.

Hata hivyo haikufa. Mwezi wa Julai 1979, huko Monte Carlo, Luigi Villa, bingwa wa dunia, alicheza kwa dola 5,000 na mashine iliyoongozwa na programu ya Hans Berliner, naye akashindwa pointi 7 kwa 1. Berliner alipoichunguza michezo hiyo, alikiri kwamba Villa alicheza vizuri zaidi. Mashine yake ilipendelewa na madado. Miaka 3 baadaye, katika jimbo la Oregon, Marekani, msimamizi wa mashindano alishtakiwa kwa kuendeleza kamari. Paul Magriel, mtaalamu wa hesabu na wa mchezo huo, alitoa ushahidi, na hakimu akaamua kwamba nardi ni mchezo wa ustadi. Mshtakiwa akaachiliwa.

Hukumu zote mbili ni za kweli, kila moja kwa kipimo chake. Jioni moja ni ya dado; mwaka mzima ni wa ustadi. Tim Holland alipata ubingwa wa dunia mwaka 1967, 1968 na 1971, na ni vigumu kuamini kwamba bahati ilimkumbuka mtu yule yule mara 3. Lakini anayekalia ubao na mshahara wa mwezi mmoja hana mwaka mzima wa kungoja haki yake ifike.

Katika mwaka 1992, Gerald Tesauro wa kampuni ya IBM alionyesha programu iliyojifunza kwa kucheza na nafsi yake. Mabingwa walipoitazama walibadili hata namna ya kuanza kwa 2 na 1, ambayo walikuwa wameizoea kwa miaka mingi. Programu zilizofuata zimepatikana na kila mtu, na leo wawili wanaochezea fedha kwa njia ya intaneti, kila mmoja nyumbani kwake, hawana tena shaka juu ya madado tu. Kila mmoja hujiuliza kama anayemjibu upande wa pili ni mtu.