Binti wa Mrimba: Ndoa, Nguo na Kisiwa

Riwaya ya ndoa na usaliti ihamishwapo kitabuni ikaingia katika filamu au televisheni, wasomaji hugombana juu ya kilichopunguzwa na kilichozidishwa. Pwani ya Kilwa iliujua ugomvi huo zamani, kabla ya picha yoyote kupigwa.

Kisa cha kuasisiwa kwa Kilwa Kisiwani kimepitia mikono mitatu. João de Barros, Mreno aliyechapisha kitabu chake mwaka 1552, alikieleza kama biashara: Ali, mwana wa sultani wa Shiraz, alinunua kisiwa kwa nguo. Kitabu cha Kiarabu cha habari za Kilwa, ambacho nakala yake ilimfikia John Kirk huko Unguja katika karne ya 19, kilizidisha hila. Mwenyeji auza kisiwa kwa nguo za kukizunguka, avuka bara, kisha arudi kwa vita na kukuta mlango wa bahari umechimbwa. Akangoja maji yapwe, yasipwe. Humo ndoa haimo.

Ndoa imo katika masimulizi ya Kiswahili aliyoyachapisha Carl Velten mwaka 1907. Mrimba, mkubwa wa kisiwa, alimwoza mgeni binti yake. Siku zikapita, mume akamtuma mkewe akamwambie baba yake ahamie bara, kwani si vyema mtu na mkwewe kukaa pahala pamoja. Heshima ya ukwe ikageuzwa silaha. Mrimba akataka atandikiwe nguo, akazikanyaga mpaka ng'ambo. Alipoazimia kurudi kwa vita, njia ilikwisha fungwa kwa visomo na kafara. Hatimaye mjukuu alimwendea babu yake, na babu akamwachia utawala.

Kikisomwa kutoka kisiwani, kisa hiki ni hati ya milki. Kikisomwa kutoka bara, upande wa Likawage, ni habari ya mzee aliyetolewa kwake na mkwewe. Mjukuu anazipatanisha pande mbili kwa damu yake. Lakini mama aliyebeba ujumbe na kumzaa mrithi hata jina hakupewa.

Shafi Adam Shafi, katika Vuta N'kuvute (1999), alimpa bibi harusi jina na ujasiri: Yasmini anamkimbia mume aliyeozwa. Amil Shivji akaifanya riwaya hiyo filamu mwaka 2021. Kisa cha Kilwa nacho kikitiwa katika televisheni, nguo na majahazi havitakuwa kazi. Kazi ni binti wa Mrimba: alipotumwa kwa baba yake, alijua amebeba nini?