Marafiki wa Hospitali (Uingereza)

Ni vyama vya watu wa kujitolea, kila kimoja kikishikamana na hospitali yake, mara nyingi ile ndogo ya mji mdogo. Hospitali za aina hiyo zilienea baada ya kijiji cha Cranleigh kufungua yake mwaka 1859, zikiendeshwa kwa michango ya wenyeji na ada ndogo za wagonjwa. Tarehe 5 Julai 1948 serikali ilizichukua nyingi. Ingedhaniwa harambee zingekoma. Kinyume chake, umoja wa kitaifa wa Marafiki, leo Attend, uliundwa mwaka 1949. Wanachama, wengi wao wastaafu, huuza chai na magazeti, husukuma toroli la vitafunio wodini na kuandaa minada. Fedha hununua vitanda, mashine za ultrasaundi, hata viti vya bustanini. Mishahara ya wauguzi kwa kawaida haimo: hiyo ni juu ya serikali.