Hatari ya Kuruka Chini

Bonde la Rukwa lilizoea ndege zinazoruka chini kwa sababu ya nzige, si tembo. Likitazamana na ukingo wa Lyamba lya Mfipa, ni moja ya mazalia ya nzige wekundu. Baada ya baa lililodumu tangu 1930 hadi 1944, shirika la kimataifa la kuwadhibiti liliundwa mwaka 1949, makao yakiwa Abercorn, ndiyo Mbala ya leo. Mwaka 2009, FAO ilisaidia kunyunyiza kuvu wa kuua nzige kutoka angani katika mbuga za bonde hilo. Kukamata wanyama kwa helikopta ni kazi nyingine, lakini hatari yake kuu ni ileile: kuruka karibu mno na ardhi.

Rubani hushuka hadi mita chache nyuma ya mnyama anayekimbia, daktari wa wanyama aliyefungwa mkanda mlangoni akilenga paja kwa bunduki ya sindano ya usingizi. Macho ya wote yako kwa mnyama. Mti mkavu haumngojei mtu. Injini ikizimika hapo, hakuna nafasi ya kutua salama. Kwenye uwanda wa juu wa Ufipa hali ni ngumu zaidi: hewa ni nyepesi kuliko bondeni, palipo mita 800 hivi juu ya bahari, na mapanga ya helikopta hubeba uzito mdogo zaidi, hasa jua likiwa kali.

Ushahidi wa Serengeti unaunga mkono hoja kwamba kuruka chini ni hatari. Januari 1959, Michael Grzimek, aliyekuwa akihesabu wanyama, alikufa ndege yake ilipogongana na tai. Januari 2016, huko Maswa, jirani na Serengeti, majangili walimpiga risasi rubani wa helikopta, Roger Gower, akiwa doria. Mtu atasema hao hawakuwa wakikamata wanyama. Kweli, lakini ndege na helikopta hazikuwaua kwa ubovu. Tai na risasi viliwafikia kwa sababu walikuwa chini.

Wengine watauliza kwa nini gari lisitoshe. Kwenye matope ya masika gari hukwama, na mnyama aliyelala vibaya au majini hufa kabla ya daktari kufika. Helikopta itaendelea kuhitajika. Basi mafuta na abiria vipimwe kwa kimo na joto la mahali penyewe, wanaopanda wawe wale tu wenye kazi, na rubani akisema leo haturuki, mkuu wa msafara asimbishie.