Himila ya Mota, Si Uzito Wake

Kijitabu kimoja cha mafunzo kilichonifikia hapa Garissa kinaita "uzito wa mota" kile ambacho mafundi wa pampu za Mto Tana na visima vya Dadaab hukiita lodi. Hilo ni kosa. Uzito wa mota hupimwa kwa mizani, na haubadiliki mota ikizimwa wala ikiwashwa. Niliwaandikia wahusika mara mbili, sikujibiwa. Kamati iliyopitisha neno hilo haijapata kusimama penye kisima.

Neno sahihi ni himila. Mzizi wake ni wa Kiarabu, h-m-l, kubeba, nao ndio uliotuzalia himili, stahimili na hamali. Sura ya Yusufu inataja himila ya ngamia, ujira wa atakayerudisha kikombe cha mfalme. Wasomali nao husema xamuul kwa shehena na xammaal kwa mchukuzi, kwa hiyo mfugaji wa hapa hulitambua neno hili kabla ya kufafanuliwa.

Wengine hushikilia shehena. Mzizi wake ni kupakia, na Waarabu wa leo hulitumia hata kwa kuchaji betri; kwenye umeme litapotosha. Mzigo nauheshimu: ni neno la Kibantu, ndugu wa mũrigo wa Wakikuyu. Lakini mzigo hubaki mzigo hata ukituliwa chini, ilhali himila ni kile kinachobebwa kwa wakati huo. Mota ya kilowati 7.5 ina uwezo wa 7.5 siku zote. Himila yake hupanda na kushuka kwa kadiri ya maji inayoyasukuma na kimo inachoyapandisha.

Wanaopinga hudai kwamba himila ni mimba. Hao hao husema mja mzito, basi uzito wao nao haukuepuka mimba.

Kuipima himila ya mota: chukua kilowati zinazoingia, zidisha kwa ufanisi, gawanya kwa uwezo ulioandikwa kwenye kibao. Kilowati 6.4 kwa ufanisi wa asilimia 88 katika mota ya 7.5 ni himila ya asilimia 75. Ampea peke yake hazitoshi, maana himila ikiwa ndogo hazishuki kwa kadiri ileile.

Mota ya kisimani imezama chini, haionekani. Fundi huijua kwa vipimo na kwa maneno tu. Wanaoandaa toleo lijalo, futeni uzito, andikeni himila.