Mbio ndiyo kazi rahisi: zaidi ya miaka 30 ya kuipima pikapu

Mwaka 1991 jarida la magari la Marekani, Car and Driver, liliichukua pikapu ndogo iitwayo GMC Syclone, likaiweka ubavuni mwa Ferrari 348 na kuzishindanisha robo maili, yaani kama mita 400. Pikapu ilimaliza kwa sekunde 14.1. Ferrari, ambayo bei yake ilizidi ile ya mshindani wake zaidi ya mara nne, ilimaliza kwa sekunde 14.5. Mashabiki wa magari wanaisimulia mechi hiyo mpaka leo.

Wasichopenda kukisimulia ni kwamba Syclone iliruhusiwa kubeba kilo 227 tu. Magunia mawili ya mahindi, na gari limejaa. Aliyeiunda pia alionya isipelekwe kwenye njia mbovu. Ilikuwa pikapu kwa umbo, basi.

Naanza na gari hilo la petroli kwa sababu pikapu za umeme zinazotamba leo zimerithi swali lake. Ukitaka kujua ubora wa pikapu, unashika saa au unapakia mzigo?

Umeme wenyewe uliingia kinyonge. Mwaka 1990 jimbo la California liliweka kanuni ya kuwalazimisha watengenezaji wakubwa kuuza asilimia fulani ya magari yasiyotoa moshi. Kampuni zikafanya kile mwanafunzi anachofanya akipewa kazi asiyoipenda. Mwaka 1997 Chevrolet ilileta S-10 ya umeme, na S-10 ndiyo pacha wa pikapu iliyozaa Syclone. Kwa hiyo ukoo ule ule ulioiaibisha Ferrari sasa ukawa unajikokota na betri za risasi. Ziliundwa 492 tu. Ford nayo ilitoa Ranger ya umeme kati ya 1998 na 2002, kama 1,500 hivi, nyingi zikiwa za kukodishwa. Kanuni ilipolegezwa, magari mengi yakarudishwa na kusagwa.

Miaka iliyofuata, aliyetaka pikapu yenye kasi alirudi kwenye petroli. Dodge ilifika mahali pa kuipachika pikapu yake, Ram, injini ya silinda 10 ya gari lake la michezo, Viper. Shida ya magari hayo ni ile ile anayoijua dereva yeyote wa pikapu tupu: nyuma ni kwepesi. Ukikanyaga kwa nguvu, tairi za nyuma zinazunguka bure na mkia unatafuta njia yake.

Aliyelikata fundo hilo hakutoka Detroit, mji wa viwanda vya magari. R.J. Scaringe, mhandisi aliyesoma chuo cha MIT, alianzisha kampuni yake huko Florida mwaka 2009, na mpango wake wa kwanza ulikuwa gari dogo la michezo. Mpango huo aliutupa. Kampuni ikaitwa Rivian, jina lililotokana na Indian River, eneo alikokulia, na mwaka 2017 ikanunua kiwanda kilichoachwa na Mitsubishi katika mji wa Normal, Illinois, kwa dola milioni 16. Novemba 2018, kwenye maonyesho ya Los Angeles, ikaonyesha pikapu ya R1T. Mwaka uliofuata magari mawili ya majaribio yalikwenda Amerika Kusini kuusindikiza msafara wa pikipiki za umeme wa mwigizaji Ewan McGregor, kutoka Ushuaia, Argentina, hadi Los Angeles. Filamu ya safari hiyo haikuficha kitu: palikuwa na siku za baridi ambazo kazi kubwa ilikuwa kusaka umeme.

Septemba 14, 2021, R1T ya kwanza ya mteja ilitoka kiwandani. Tesla, Ford na General Motors, wote walikuwa wametangaza za kwao. Aliyefika kwanza ni huyu ambaye hakuwahi kuuza gari hata moja.

R1T ya mwanzo ilikuwa na mota nne, kila gurudumu na lake, zenye jumla ya nguvu farasi 835. Ina uzito wa takriban kilo 3,200, lakini kutoka kusimama hadi kilomita 97 kwa saa ilitumia sekunde tatu tu. Dereva wa kwetu akitaka kuondoka kwa kishindo huambiwa “kanyaga mafuta”. Hapa hakuna mafuta ya kukanyaga. Injini ya petroli husubiri izunguke kwa kasi ndipo nguvu ije, wakati mota ya umeme inatoa msukumo wake wote tangu gurudumu likiwa limesimama. Betri imelazwa sakafuni, uzito uko chini na umegawanyika mbele na nyuma, na kompyuta inaamua kila gurudumu lipewe nguvu kiasi gani kabla halijateleza. Ugonjwa wa mkia mwepesi ukapona.

Kwa hiyo siwashangai sana wanaoshangilia zile sekunde tatu. Kwa umeme, mbio ndiyo kazi rahisi. Kilichonivutia kwenye R1T ni kwamba haikusahau kazi nyingine: inabeba karibu kilo 800, imeruhusiwa kuvuta tela la karibu tani tano, na inapita kwenye maji ya kina cha karibu mita moja. Jarida la MotorTrend liliivusha Marekani kwa njia za vumbi na matope, kisha likaipa tuzo ya pikapu bora ya mwaka 2022.

Sifa hizo zilikuja na aibu zake. Machi 2022 kampuni ilipandisha bei hata kwa watu waliokwisha kuweka oda, wateja wakacharuka, na ndani ya siku mbili ikarudi nyuma na kuomba radhi. Oktoba mwaka huo huo ikaita karibu magari yake yote, zaidi ya 12,000, kwa sababu ya bolti moja ya mfumo wa usukani iliyoweza kuwa haijakazwa sawasawa.

Wakati huo wenzake walikuwa wameamua kushindana kwa namba. GMC ilifufua Hummer kwa umeme ikiwa na nguvu farasi 1,000 na uzito unaozidi tani nne. Betri yake pekee ina kilo zaidi ya 1,300, nzito kuliko Vitz nzima. Januari 2023 Jennifer Homendy, mkuu wa bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, alihoji hadharani nini kitampata mwenye gari dogo likigongwa na mzigo kama huo. Tesla nayo ilipozindua mauzo ya pikapu yake ya umeme, Cybertruck, Novemba 2023, ilionyesha video ya gari hilo likiivuta Porsche 911 kwenye tela na kuishinda Porsche nyingine. MotorTrend walipoirudia mbio hiyo kwa robo maili kamili, Porsche ilishinda. Rivian yenyewe haikujizuia: mwaka 2025 ilifikisha nguvu farasi 1,025.

Mzigo ndio ulioharibu sherehe. Mwaka 2022 MotorTrend walifunga tela nyuma ya pikapu ya umeme ya Ford, F-150 Lightning, ambayo cheti chake kiliahidi kama kilomita 480 kwa chaji moja. Haikufika hata nusu. Nguvu ya kuvuta ipo tele, ila tela refu linapigana na upepo na betri inakauka. Ukifika kwenye chaja unakuta nafasi imejengwa kama maegesho ya duka, kwa hiyo ulifungue tela, uliache pembeni, uchaji, kisha ulifunge tena.

Waliobadili magari kuwa ya umeme huku kwetu walilianza jambo hili upande wa pili. Kampuni ya Opibus ya Nairobi, ambayo sasa inaitwa Roam, ilipoanza mwaka 2017 ilichukua Land Cruiser za safari, ikatoa injini na kuweka mota. Hayo ni magari yanayotembea pole pole mbugani mchana na kurudi kambini jioni kuchajiwa. Hakuna aliyeshika saa.

Ukiniuliza mimi, kati ya zote R1T ndiyo iliyojibu maswali mengi zaidi, na sekunde zake tatu ni jibu la swali ambalo mkulima hakuuliza. Desemba 2025 Ford ilitangaza kwamba imesitisha uzalishaji wa F-150 Lightning ya umeme mtupu. Itakayofuata itakuwa na injini ya petroli ndani yake, kazi yake kuzalisha umeme wa kuchaji betri safarini.