Tamthilia Katika Kidato cha Sita: Mfano wa Ufuko wa Ziwa Mweru

Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kuihesabu tamthilia kuwa kitabu tu. Husomwa darasani, huchambuliwa maudhui na fani, huulizwa maswali, kisha hurudishwa kabatini. Historia ya elimu katika Zambia, tukiitazama kutoka Nchelenge, ukingoni mwa Ziwa Mweru, yatuonyesha kwamba mazoea hayo yana hasara.

Zambia ilipopata uhuru mwaka 1964 ilikuwa na wananchi takriban 100 tu wenye shahada. Kwa hiyo Chuo Kikuu cha Zambia kilipoanza kufundisha mwaka 1966, kiliwapokea vijana waliomaliza Kidato cha Tano, bila kuwangojea wapite Kidato cha Sita. Uamuzi huo ulikuwa na sababu njema, maana taifa lilihitaji wataalamu upesi. Hata hivyo, ilipotea ile miaka miwili ambamo kijana angeweza kuichunguza sanaa ya maonyesho kwa utulivu kabla ya kuingia chuoni.

Sanaa hiyo haikufa, bali ilitafuta njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanafunzi na walimu wa chuo hicho, akiwamo Michael Etherton, walijenga uwanja wa wazi wa maonyesho, wakauita Chikwakwa, yaani chombo cha kufyekea nyasi. Walizunguka mikoani, wakaigiza kwa lugha za wenyeji, na wakatumia ngoma na nyimbo za mahali walipofika. Yaani kilichokosekana shuleni kilifanyika uwanjani.

Na kwa watu wa Luapula uwanja haukuwa jambo geni. Kila mwaka, mwezi wa Julai, Walunda hukusanyika Mwansabombwe, kusini mwa Nchelenge, kwa sherehe ya Mutomboko. Mwata Kazembe huwakumbuka wahenga kwenye mto Ng'ona, kisha hucheza mbele ya watu akiwa na shoka na upanga, kuonyesha ushindi wa wazee wake waliotoka magharibi wakavuka Luapula. Humo mna mhusika, vazi, kifaa, mahali maalumu na hadhira inayojua wakati wa kuitikia. Mwalimu wa tamthilia ataka nini zaidi?

Kiswahili nacho si mgeni huko. David Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe mwaka 1867, alimkuta Mohammed bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa amekaa huko miaka mingi. Ng'ambo ya ziwa, katika Kilwa na Pweto za Kongo, Kiswahili husemwa hadi leo. Tangu mwaka 2017 wakimbizi wengi wamevuka kutoka Kongo, na mwaka 2018 makazi ya Mantapala yalifunguliwa katika wilaya ya Nchelenge. Hivyo Kibemba na Kiswahili hukutana huko sokoni na visimani.

Sasa nafasi iliyopotea imerudi. Mfumo wa mitaala wa Zambia wa mwaka 2023 umeweka Kidato cha Tano na cha Sita juu ya vidato vinne vya kawaida. Swali letu ni hili: je, tamthilia itaingia humo kama maonyesho, au kama kitabu cha mtihani tu?

Tanzania, ambako vidato hivyo havikukatika, yaweza kutufunza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha sanaa za maonyesho katika miaka ya 1960, na mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile, mchezo kuhusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Humo mtu huingia katika mto Rufiji akatoka na neno la kuwaunganisha watu. Mwanafunzi aliyeona ibada ya mto Ng'ona hahitaji maelezo marefu ili afahamu kwa nini wananchi waliliamini neno lililotoka majini. Yeye ana ufunguo ambao wa mjini huenda hana.

Basi twapendekeza mambo matatu. Kila tamthilia isimamishwe kwa miguu, japo onyesho moja, kabla ya kuchambuliwa. Wanafunzi watumwe kutazama sherehe za kwao na kuandika jinsi zinavyoendeshwa. Na palipo na wasemaji wa Kiswahili na wa Kibemba, waigize pamoja. Mambo haya hayahitaji fedha nyingi, ila yamtaka mwalimu akubali kutoka nyuma ya meza yake.