Kalori za kulala na kalori za kutwa: Louisville, Buffalo, Columbus



Kila nikipita Louisville kwa jamaa zetu wa Kongo na Burundi wanaofanya kazi za usiku maghalani, nasikia lalamiko lile lile. Mtu katembea usiku kucha, saa yake ya mkononi inamwambia kachoma kalori 4,000, na bado suruali inambana. Daktari anasema sukari inapanda. Nyumbani wanamwambia ni mvivu, anadanganya. Mimi si tabibu, ni mtu wa historia, lakini naona hapa kuna hesabu mbili zimechanganywa, na kila moja ina historia yake.

Hesabu ya kwanza ni ile ya mwili uliolala tu: moyo, ini, ubongo, figo, joto. Kwa watu wengi hiyo peke yake ni kama thuluthi mbili za matumizi ya siku nzima. Hesabu ya pili ni ya kutwa: chukua ile ya kwanza, ongeza kazi ya kuyeyusha chakula (kama sehemu moja ya kumi), kisha ongeza mwendo wote. Mwaka 1919 Harris na Benedict, wakifanyia kazi maabara ya lishe ya Carnegie huko Boston, walichapisha kanuni ya kukadiria ile ya kwanza. Waliwapima wanaume 136 na wanawake 103, wakiwa wametulia na hawajala. Kanuni yao ingali inatumika. Wengine baadaye wakaja na mtindo wa kuizidisha kwa 1.2 mpaka 1.9 kufuatana na kazi ya mtu, na hapo ndipo kila mtu anapojipa namba anayoipenda!

Sasa tubaki hapo hapo Louisville, mji aliozaliwa Muhammad Ali mwaka 1942 na alikozikwa 2016. Sote tunaikumbuka Kinshasa, Oktoba 1974, alipopanda ulingoni na ratili 216 na nusu. Tarehe 2 Oktoba 1980, akiwa na miaka 38, alipigana na Larry Holmes Las Vegas akiwa na ratili 217 na nusu. Kwa macho alikuwa kijana upya. Lakini kabla ya pambano alikuwa akimeza dawa ya homoni ya tezi ya shingo, ile homoni inayoamua mwili uliolala uchome kiasi gani. Ukiizidisha, moto unapanda hata umelala: moyo unakwenda mbio, mwili unapata joto, na kinacholiwa si mafuta tu bali na misuli. Baada ya raundi ya 10 watu wake wakasimamisha. Ndiyo mara pekee katika maisha yake ya ngumi kushindwa kabla ya kengele ya mwisho. Anayeuziwa vidonge vya "kuamsha umetaboli" na aikumbuke mizani ile, ilivyosema kila kitu ni sawa.

Buffalo kuna kisa kingine, na hiki nakipenda zaidi. Hermann Rahn wa chuo kikuu cha huko, na mwenzake Mkorea Suk Ki Hong, ambaye naye baadaye alifundisha Buffalo, waliandika mwaka 1967 juu ya akina mama wapiga mbizi wa Korea na Japani. Wanawake wa Korea walizamia hata majira ya baridi, maji yakiwa nyuzi 10 hivi, na vazi la pamba tu. Vipimo vilionyesha kwamba wakati wa baridi umetaboli wao wa mapumziko ulipanda kwa karibu asilimia 30. Basi kumbe ile hesabu ya kwanza inaweza kupanda bila dawa! Lakini tazama gharama yake: baridi ya kuingia mifupani, siku baada ya siku. Walipoanza kuvaa suti za mpira miaka ya 1970, ile ziada ikapotea katika miaka michache. Ndugu zangu wa Buffalo wanaosema theluji itawakondesha, wenye hita ndani na koti la manyoya nje, nao wamevaa suti ya mpira.

Columbus ni kwa Buster Douglas. Tarehe 11 Februari 1990 kule Tokyo alimwangusha Mike Tyson akiwa na ratili 231 na nusu. Tarehe 25 Oktoba mwaka huo huo alipanda na 246, akaangushwa na Holyfield raundi ya tatu. Watu wakasema kajiachia kabisa. Hebu tupige hesabu ya kijiweni: ratili 14 na nusu, kila ratili kalori 3,500, siku 256. Tukidhani yote ni mafuta, inakuja kama kalori 200 kwa siku, yaani chapati moja ya mafuta, hata pengine haitimii! Baadaye alikaribia ratili 400, na 1994 sukari ikampoteza fahamu. Alipona, akarudi ulingoni 1996.

Na sisi tunaye shahidi wetu. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe 30 wa Tanzania. Wanaume walitembea kama kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Ukilinganisha kwa ukubwa wa mwili, matumizi yao ya kutwa hayakuzidi ya watu wa maofisini Marekani na Ulaya. Pontzer anasema mwili unabana matumizi pengine. Wapo wanaombishia, lakini namba zenyewe zipo. Mwaka 2021, katika vipimo vya watu zaidi ya 6,400, ilionekana pia kwamba kati ya miaka 20 na 60 umetaboli haupungui. Kwa hiyo sisi wa miaka hamsini na kitu tusisingizie umri.

Tukirudi kwenye ile saa: mwaka 2017 watafiti wa Stanford walipima aina saba, na iliyo bora kuliko zote ilikosea kalori kwa asilimia 27 kwa wastani. Juu ya hapo, ile 4,000 kwa kawaida imeshajumlisha na kalori za kulala, ambazo angezichoma hata kama asingekwenda kazini. Kijana wetu akiziona saa kumi alfajiri anajiambia anadai, anaongeza sahani ya ugali na soda mbili. Anayekaa naye amwonyeshe pale saa inapotenga kalori za mwendo peke yake, kisha wahesabu pamoja zile soda.